Laptop ya Mashine ya Kudarizi

Nyumba yetu ni ya watu wasiotulia. Kukipambazuka tu, mkwe wangu yuko kwenye cherehani, mwanangu anatafuta kiatu cha pili, chai inachemka mpaka inamwagika, na mimi natafuta miwani niliyoivaa usoni.

Mkwe wangu ni mshonaji. Watu wote wanamwita Fundi, hata mumewe. Mumewe ndiye mwanangu, na yeye ni kinyozi. Chumba chetu cha mbele ndicho mahali pa kazi ya Fundi. Kuna cherehani, kuna meza ya kukatia, na kuna mimi, juu ya kigoda, nashona vifungo na kusikiliza mambo yasiyonihusu.

Siku hizo kulikuwa na mgeni mpya chumbani. Ilikuwa mashine ya kudarizi, kubwa, nyeupe, imefunikwa shuka. Mashine hiyo hushona picha juu ya nguo. Lakini ina maringo. Haipokei picha ya karatasi. Kwanza picha igeuzwe kuwa mishono ndani ya kompyuta. Kisha mishono hiyo iwekwe kwenye flashi. Ndipo flashi ichomekwe kwenye mashine. Mashine tulikuwa nayo. Kompyuta hatukuwa nayo.

Na kazi ilikuwa inasubiri. Mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu nasi alitaka sweta za watoto ziwe na nembo, ndege amesimama juu ya kitabu. Alimwambia Fundi waziwazi:

"Niletee sweta moja ya mfano kabla shule hazijafunguliwa. Nikiipenda, kazi yote ni yako. Usipoileta, nitampa fundi wa ng'ambo ya barabara."

Fundi wa ng'ambo ya barabara alianza kutusalimia kwa tabasamu refu mno. Ukiona mshindani wako anakusalimia hivyo, ujue ameshanunua uzi.

Fundi akawa hakaliki. Anaketi, anasimama. Anafunua shuka, anaitazama mashine, anaifunika tena.

"Mwanangu, hiyo si maiti," nikamwambia. "Mbona unaifunua uso kila saa?"

"Mama, siku zinakwenda."

"Siku hazijawahi kukaa. Wewe kaa."

"Nitakaaje na laptop sina?"

Fedha ya kununulia laptop walishaiweka. Kilichowashinda ni kuchagua. Na hapo ndipo mwanangu alipotuvuruga. Kinyozi hashauriwi na mtu mmoja. Anashauriwa na kila kichwa anachokinyoa.

Jioni moja aliingia mbio, hata hakuvua kiatu.

"Fundi, nimepata jibu! Nunua Dell. Mhasibu mmoja anayo tangu alipooa, na sasa ana watoto wanaokwenda shule."

Jioni iliyofuata alisema, "Achana na Dell. Nunua Lenovo. Leo nimemnyoa mhandisi."

Jioni nyingine ikawa, "Ni HP! Yule wa benki ameniapia."

Fundi akaweka mkasi chini. "Bwana, kesho ukimnyoa muuza nyama, utakuja kuniambia ninunue shoka?"

Binti yangu naye akaja kuongeza kuni motoni. Yeye ni mpiga picha za harusi, na Fundi ni wifi yake.

"Wifi, usimsikilize kaka," alisema. "Mimi natumia Mac, ya Apple. Rangi zinatoka vilevile zilivyo. Picha zangu zote nazitengeneza humo. Maharusi wanatoka wazuri mpaka wenyewe wanashangaa."

"Wanatengenezwa na kompyuta au na poda?" nikauliza.

"Mama, nyamaza kidogo."

"Nimenyamaza." Sikunyamaza. "Wewe unapiga picha za watu. Mwenzako anashona ndege."

"Ndege si picha? Picha ni picha, Mama!"

Wakaanza kubishana, kaka na dada, kama walivyokuwa wakigombania ukoko wa sufuria walipokuwa wadogo. Huyu anasema ile, yule anasema hii. Fundi yuko katikati na mkasi mkononi, anakata nguo huku akiwasikiliza wote wawili. Alipomaliza kukata akanyanyua vipande. Akavigeuza. Akavigeuza tena. Alikuwa amekata mikono miwili ya kushoto.

Fundi wetu hajawahi kukosea mkono.

"Tokeni," alisema taratibu. "Tokeni nje wote, na chapa zenu."

Mimi nilibaki. Nilijifanya nimelala.

Kesho yake alikuja jirani yetu. Jirani huyu kazi yake ni kutunza kompyuta za ofisi ya maji. Alikuja kupunguziwa sketi. Fundi alimpandisha juu ya kigoda changu, akawa anamzungushia pini kwenye pindo. Mara mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mwanangu aliingia amekumbatia boksi.

"Nimemaliza maneno!" alisema. "Nimenunua! Nyepesi kama daftari. Betri inakaa kutwa. Leo nimemnyoa mwanafunzi wa chuo, anayo hiihii, anaisifu mpaka nikasahau kumnyoa upande mmoja."

"Umenunua bila kuniambia?" Fundi akauliza.

"Ukiambiwa huamui! Fungua, Fundi, fungua. Muuzaji kasema tusipoipenda tunaweza kuibadilisha."

"Hata ikishafunguliwa?"

"Ah, hapana. Boksi liwe halijafunguliwa. Lakini utaipenda tu."

Fundi aliangalia boksi. Aliangalia mashine chini ya shuka. Nadhani alichoka kusubiri. Alichukua mkasi, akauweka juu ya utepe wa boksi.

"Usikate!" jirani alipiga kelele. Aliruka, kigoda kikayumba. "Uwi! Pini! Fundi, usikate!"

Mkasi ukabaki hewani.

"Niambie," jirani alisema, ameshika paja. "Kabla ya kukata kitambaa, unafanya nini?"

"Napima."

"Unampima nani?"

"Anayevaa. Nimpime nani mwingine?"

"Sasa hapa mmempima nani? Kelele zenu nazisikia kila jioni. Mhasibu kapimwa. Mwanafunzi kapimwa. Wifi yako kapimwa, na Mac yake inamkaa vizuri, maana kazi yake ni picha. Lakini laptop hii anayeivaa ni nani?"

Fundi alinyoosha mkasi kuelekea kwenye shuka.

"Ile pale."

"Basi ipime ile."

Mwanangu alikaa juu ya meza ya kukatia. "Shemeji, hayo ni mafumbo. Laptop si laptop?"

"Si mafumbo, shemeji. Sikiliza. Kila laptop ina mfumo endeshi. Huo ndio mwenye nyumba. Programu unazoweka ndani ni wageni. Mgeni akija na lugha ambayo mwenye nyumba haijui, ataishia mlangoni. Kuna mfumo wa Windows. Huo unakaa ndani ya laptop za chapa nyingi, hizo Dell, HP, Lenovo na nyingine. Kuna mfumo wa Mac. Huo unakaa ndani ya laptop za Apple peke yake. Kuna Linux. Huo ni wa bure, na mimi nyumbani ndio ninaoutumia. Na kuna Chrome OS." Aliinama kusoma boksi, akachomwa tena. "Uwi! Hii yako ni Chrome OS."

"Kwa hiyo nimeuziwa mbovu?"

"Hata kidogo. Inamfaa mwanafunzi anayeandika, anayesoma, anayefanya kazi zake kwenye mtandao. Viatu vya mtoto si vibovu, shemeji. Jaribu tu kuvivaa wewe."

Nilicheka. Mwanangu alinitazama. Nikajifanya nakohoa.

"Sasa tutajuaje mashine yetu inataka mfumo gani?" Fundi akauliza.

"Si umenunua kwa mtu? Mpigie. Muulize programu ya kugeuza picha kuwa mishono inataka nini."

Fundi alipiga simu, akaweka sauti ya nje ili sote tusikie. Muuzaji wa mashine alijibu haraka kama mtu anayeulizwa hivyo kila siku.

"Ile programu yetu inataka Windows, dada. Windows kumi na moja ndiyo nzuri. Memori isipungue giga nane. Na laptop iwe na tundu la kawaida la USB, lile pana, kwa sababu mashine inasoma flashi."

"Na Chrome OS?"

"Haitakubali."

"Na Mac?"

"Kuna programu nyingine za kudarizi zinazokubali. Hii yetu haikubali."

"Muulize inataka rangi gani," nikasema.

"Mama!"

"Rangi yoyote, bibi," simu ikajibu.

Fundi alikata simu. Kwa mara ya kwanza wiki ile niliona mabega yake yakishuka. Lakini mwanangu bado alikuwa na donge.

"Sawa, Windows. Na chapa? Chapa hamjasema! Dell au HP?"

Jirani alifungua mdomo, Fundi akamwahi.

"Bwana, lebo ya nguo naishona lini?"

"Mwisho."

"Kwa nini mwisho?"

"Kwa sababu..." Mwanangu alijikuna kichwa. "Kwa sababu lebo haizuii sketi kuanguka."

"Haya. Beba boksi lako, twende."

Walitoka mbio, duka lisije likafungwa. Jirani alibaki juu ya kigoda, pini kwenye pindo. Nilimwambia asubiri, nami nikawafuata. Vifungo vitangoja. Vurugu haingoji.

Dukani muuzaji alilikagua boksi, akakuta halijaguswa, akakubali kubadilisha. Alikuwa na maneno matamu.

"Karibu, dada. Unataka chapa gani?"

"Chapa baadaye," Fundi alisema. "Nataka Windows kumi na moja, halali, si ya kuchakachua. Memori giga nane. Na nioneshe tundu la USB."

Muuzaji alikohoa. Akaweka laptop mezani. Nyembamba hiyo, inang'aa, ukiitazama unajiona na makunyanzi yako yote.

"Hii inapendwa sana na mabosi."

Fundi aliigeuza upande huu, akaigeuza upande ule. "Flashi inaingia wapi?"

"Hapo unanunua kiunganishi kidogo, unachomeka."

"Kikipotea kazini, mshono unasimama. Nyingine."

Akaletewa tatu, chapa tatu tofauti. Zote zina Windows na giga nane, zote zina tundu. Fundi akatoa flashi kwenye pochi. Ilikuwa imekuja na mashine, na programu ilikuwa humo.

"Tuijaribu hapahapa."

"Dada, mpya hatuziwekei programu."

"Basi weka kwenye ile ya maonyesho. Si ina Windows hiyohiyo na memori hiyohiyo kama hizi?"

Muuzaji alitazama huku na huku kama anayetafuta msaada. Hakuupata. Akaiweka. Tulisimama tukingoja. Mwanangu alikuwa anahama mguu huu kwenda mguu ule. Programu ikafunguka. Fundi akaingiza picha ya nembo, akabonyeza, na ndege akageuka mistari midogo midogo ya uzi. Hata mimi nilitaka kumshika.

Sasa ndipo ikaja zamu ya chapa. Fundi aliuliza maswali mafupi. Waranti ni ya muda gani? Ikiharibika, nani anaitengeneza hapa mjini? Chaja yake inapatikana madukani? Moja kati ya tatu ilikuwa na fundi wake mtaa wa pili, na chaja zake zilikuwa zimening'inia ukutani palepale. Fundi alibonyeza vitufe vyake kwa vidole vyote, kama anavyobinya kitambaa sokoni.

"Hii."

"Lakini haing'ai!" mwanangu alilalamika.

"Kichwa chako kinatosha," nikamwambia.

Tuliporudi, jirani alikuwa bado amesimama, amekasirika. Lakini alipoona laptop aliisahau sketi. Shuka likavuliwa. Kazi ikaanza.

Ndege wa kwanza alitoka mnene kama kuku anayetaka kutaga. Fundi alifyonya, akarudi kwenye laptop, akapunguza mishono, akajaribu tena juu ya kitambaa chakavu. Wa pili alitoka hana mguu. Fundi akasimama, akaketi, akasimama. Wa tatu alisimama juu ya kitabu chake, kifua mbele, kama mwalimu mkuu mwenyewe.

Sweta ya mfano tuliipeleka kabla shule haijafunguliwa. Mwalimu mkuu aliipapasa nembo. Akaigeuza sweta ndani nje, akavuta uzi kwa kucha. Uzi haukutoka. Fundi alikuwa ameshika pindo la gauni lake, analikunja na kulikunjua.

"Zote zitakuwa hivi?" mwalimu mkuu akauliza.

"Zote. Ndege nimeshamhifadhi kwenye laptop. Hachoki."

"Basi lete zote."

Fundi wa ng'ambo ya barabara siku hizi anatusalimia kwa tabasamu la kawaida. Shule zilipofunguliwa, watoto walipita mbele ya mlango wetu na ndege vifuani, wakikimbia, na Fundi alikuwa akiwahesabu badala ya kula. Sasa shule nyingine imekuja, inataka samaki.

Juzi mwanangu alirudi kutoka kazini, macho yanameta. Niliijua hali hiyo. Alikuwa amenyoa mtu.

"Fundi, na mimi nataka laptop. Ya pale ninaponyolea."

Fundi hakuacha kushona. "Ya kufanyia kazi gani?"

Mwanangu alisimama, akafikiri. Alifikiri mpaka nikamhurumia.

"Wateja wasikie muziki," alisema.

"Nunua redio."

Alinunua redio. Inaimba vizuri.