Bibi wa Mstari wa Kwanza

Mwamkizi alifika kabla jua halijapata nguvu, kama kawaida yake. Akapiga hodi kwa kidole cha mpira, na mlango uliomjua ukafunguka wenyewe. Alikuwa roboti wa kimo cha mtoto wa darasa la saba, magurudumu chini, mikono miwili laini, na tumboni jiko dogo lililokuwa limekwisha kuchemsha uji wa ulezi njiani. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye kiti cha kamba kilichokuwa karibu na dirisha, akainama.

"Shikamoo, Bi. Nyamizi. Umeamkaje?"

Kiti kilikuwa kitupu. Huu ulikuwa mwaka wa tatu kikiwa kitupu.

"Marahaba," Kalunde akaitikia kutoka chumbani, bado amejilaza. "Nimeamka salama."

Sauti ya mama na ya binti zilifanana, na mwamkizi hakuwa na shida na kufanana. Akamimina uji kikombeni, akaukamulia ndimu, akaacha kutia sukari kama marehemu alivyopenda, akaaga na kwenda zake. Kalunde akainuka, akajifunga khanga, akaunywa. Hakuwahi kuupenda uji huo hata siku moja.

Waamkizi hawakuundwa naye. Yeye aliwapa akili ya kujua waende kwa nani. Akili hiyo ilikuwa jedwali: mistari na visanduku, kila mzee na mstari wake, jina lake, makazi yake, anachokula na anachokataa. Alitengeneza kiolezo, yaani jedwali ambalo kanuni zote zimo ndani yake tayari, ili karani wa kata yoyote alichukue, aandike wazee wa kwao, na kesho yake waamkizi waingie barabarani, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Wakati huo Kalunde alikuwa mhandisi kijana, moyo mkubwa kuliko mshahara, basi akakitoa bure. Kutazama nako kulikuwa bure. Jedwali lolote la umma mtu aliweza kulifungua kwenye kitazamio, yale mabamba ya kioo yaliyobandikwa kwenye kuta za masoko na zahanati, akalisoma hadi achoke. Kubadili tu ndiko kulikotaka ruhusa.

Kiolezo kikaenea nchi nzima. Kitu cha bure hakiulizwi mwenyewe kikifanya kazi. Kikiharibika, ndipo mwenyewe hutafutwa hata akiwa msalani. Kalunde alitafutwa hivyo miaka yake yote ya kazi, mpaka ikafika mahali akisikia tu mtu akitamka neno "jedwali" mabega yanashuka yenyewe.

Ndiyo maana aliposikia hodi ya pili asubuhi ile, hodi ya mkono wa mtu, alikaa kidogo kabla ya kuitikia.

"Karibu."

Aliingia mwanamume wa umri wake, viatu vimejaa vumbi jekundu, kofia mkononi. Akasema anaitwa Masunga, anatoka Kata ya Usongelo, na amesafiri tangu jana.

"Nimekuja kumwona Bi. Nyamizi Kasonso," akasema. "Nimeambiwa hapa ndipo kwake."

"Unamjua?"

"Nani asiyemjua? Ndiye wa kwanza kwenye jedwali la kata yetu. Nikasema labda ni bibi wa diwani. Nikaenda kwenye kitazamio, nikafungua la kata jirani. Yumo, wa kwanza. Nikafungua la Rukwa, nikafungua la Mara. Yumo! Macho hayana pazia, dada, na kutazama ni bure, kwa hiyo nimetazama. Huyu mama anaamkiwa nchi nzima kila asubuhi, na uji anachemshiwa. Nataka nimwone mtu mkubwa namna hiyo anafananaje."

Kalunde akakitazama kiti. Masunga naye akakitazama, akashusha sauti.

"Amelala?"

"Amefariki. Miaka mitatu."

Mgeni akainamisha kichwa. Hasira aliyokuja nayo ikakosa pa kukaa. "Pole sana, dada."

"Asante. Alikuwa mama yangu." Kalunde akavuta kigoda, akamwashiria mgeni naye aketi. "Nilipokuwa natengeneza kile kiolezo nilihitaji mzee mmoja wa kujaribia. Nikamwandika mama. Ulikuwa mfano tu. Kila karani angemfuta, aandike wa kwao."

"Uliandika mahali kwamba ni mfano?"

Kalunde hakuwa ameandika. Aliona ni jambo la wazi, na mambo ya wazi ndiyo yanayowaponza wahandisi.

"Mimi nilimuuliza karani wetu," Masunga akaendelea. "Nikamwambia, huyu bibi hatumjui, mfute. Akanijia juu! 'Masunga, umelelewa wapi wewe? Mtu mzima nimemkuta ameketi mbele, mimi ni nani nimwinue?' Na wenzake kata nyingine, nadhani jibu ni hilo hilo. Heshima si utumwa, lakini hii imetutia utumwani."

Kalunde alitaka kucheka, kicheko kikagoma. Tangu lini mashine ikaharibiwa na adabu? Aliwaza kanuni alizoziandika kwa mkono wake, akaanza kuona kilichotokea kabla hajaambiwa.

"Makazi yake niliandika nyumba ya kwanza baada ya ofisi ya kata, kama ilivyo hii yetu," akasema taratibu.

"Kwetu hiyo ni mashine ya kusaga, na imefungwa siku nyingi. Mwamkizi anasimama mbele ya mlango wake wa bati. 'Shikamoo, Bi. Nyamizi.' Kimya. Anasubiri. Anaamkia tena."

"Anasubiri saa nzima. Nilimwekea hivyo. Wazee hawaharakishwi."

"Saa nzima, na chaji inakwisha. Mimi mwenyewe siku moja nilijificha nyuma ya bati nikaitikia 'marahaba' kwa sauti ya kibibi, ili aondoke." Masunga akaifanya ile sauti, nyembamba, ya puani, na kwa jinsi alivyokuwa na mabega ya mchimba madini, ingekuwa kichekesho siku nyingine. "Akaniambia, 'Samahani, wewe si Bi. Nyamizi.' Watu walinicheka mwezi mzima."

Akaizungusha kofia mikononi.

"Baba alikuwa mstari wa mwisho. Nyumba iko ng'ambo ya kijito, ya mwisho kabisa. Siku mwamkizi akiwa na nguvu, anafika jioni na dawa. Siku nyingine anageuka kwenye kijito, anarudi kujichaji. Mimi niko mgodini, narudi mwisho wa mwezi. Baba alianguka asubuhi. Mama haoni, dada. Alimpakata pale sakafuni, akamwambia avumilie, mwamkizi anakuja. Walimsubiri hadi giza."

"Na majirani?"

"Zamani mtu angepita kumjulia hali. Siku hizi kila mtu anajua mwamkizi atapita."

Kalunde alijisikia kuchoka kwa namna ambayo usingizi hauiponyi. Aliona haya, na haya hiyo hakuwa na pa kuitupia.

"Sasa mama ndiye amebaki kwenye ule mstari wa mwisho," Masunga akasema. "Sikuja kugombana. Unaweza kumtoa mzee wako?"

"Naweza. Mwenye kiolezo akifuta, anafutika kila mahali kwa mara moja."

"Basi mtoe."

Lilikuwa jambo dogo, la kidole kimoja. Kalunde akauvuta ubao wake wa kioo, akaufungua, akaufikia mstari wa kwanza, kisha mkono ukakataa.

"Nyumba hii haina mtu mwingine," akasema, na macho yakamjaa machozi bila yeye kutaka. "Kila asubuhi anaitwa kwa jina lake. Nikimtoa, hakuna atakayemwita tena."

Masunga alikuwa anatazama miguu yake yenye vumbi, na Kalunde akamwona mama mwingine, asiyeona, ng'ambo ya kijito, ametega sikio kusikia magurudumu. Akabonyeza.

Ubao ukamtaka sababu: amehama, amepona, amefariki. Katika miaka mitatu hakuwa amelitaja neno hilo mbele ya mashine yoyote. Akaligusa.

Mstari ukatoweka. Punde ubao ukalia, ukalia tena, kisha haukunyamaza. Ilikuwa kanuni nyingine ya ujana wake, aliyokwisha kuisahau: mzee akifariki, kila mwamkizi aliyekuwa akimhudumia atume rambirambi kwa wanawe. Zikaingia kwa mamia. Waamkizi wa Rukwa wanatoa pole kwa msiba wa Bi. Nyamizi Kasonso. Waamkizi wa Mara. Waamkizi wa Usongelo. Makarani nao wakaanza kuongeza maneno yao. Mmoja alisema kata nzima imesikitika. Mwingine aliuliza mazishi ni lini, kwa sababu wanatafuta gari la kuja.

Masunga alizisoma kwa muda mrefu begani kwa Kalunde, midomo ikicheza.

"Baba hakupata hata moja," akasema. "Karani alinieleza. Mwamkizi hatumi pole kwa msiba wa mtu ambaye siku hiyo hakumfikia."

Ubao uliendelea kulia. Kalunde akakumbuka kwamba huyu mtu kabla hata hajaketi alimpa pole kwa msiba wa miaka mitatu, na yeye, ambaye ameusikia msiba mbichi mwanzo hadi mwisho, hajamrudishia hata neno.

"Mzee aliitwa nani?"

"Sizya. Sizya Kitwala."

Kidole cha Kalunde kikaenda chenyewe kwenye kisanduku kitupu kutafuta herufi. Masunga akaufunika ubao kwa kiganja.

"Usiandike, dada. Sema tu."