Koti la Watu Watatu

Mwizi katika hadithi yoyote mimi humjua kabla chai yangu haijapoa. Sikosei kamwe. Ni kweli kwamba chai yenyewe huwa naisahau mpaka inzi aoge, ajipanguse na kuondoka, na katika kisa hiki nilimshuku mtu ambaye hata mjini hakuwapo. Basi kisa hiki namwachia dobi, maana ndiye aliyemkamata mwizi.

Siku ya Jumatano, saa moja na nusu asubuhi, ukelele ulitoka kwenye korido ya nyumba ya wapangaji. Aliyeupiga ni binti waliyemzoea kwa jina la Mhandisi. Mkono mmoja alishika mswaki, mwingine alinyooshea msumari ukutani. Msumari ulikuwa mtupu.

"Koti!" alisema, povu likimtoka. "Wameiba koti!"

Koti lilikuwa jeusi, la mtumba, lenye bitana ya kijivu. Wasomi watatu wa nyumba ile walilinunua kwa kuchangishana. Wote walikuwa na shahada, na wote walikuwa na mkopo wa chuo. Lilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, anayeitwa kwenye usaili anaandika saa yake kwenye ratiba ya ukutani, na ndiye mwenye koti siku hiyo. Ya pili, anayepata kazi analiaga kwa hotuba mbele ya wenzake, na halivai tena.

Aliyewahi kuliaga ni mmoja tu, kijana aliyepata kazi ya ofisa wa wateja kwenye kampuni ya bima, akabandikwa jina la Meneja. Miezi mitano nyuma alipanda juu ya stuli akalihutubia koti, "Umenibeba, umenisitiri, nenda ukawasitiri wenzangu," mpaka mama mwenye nyumba akapenga kamasi.

Mhandisi naye alitamani sana kuhutubia. Kampuni yake ya kwanza, aliyoingia kabla koti halijanunuliwa, ilifungwa baada ya miezi saba. Mkopo haukufungwa pamoja nayo. Barua ya bodi ya mikopo ilisema asipoanza kulipa mwisho wa mwezi, watamgeukia mdhamini wake. Mdhamini alikuwa shangazi yake, mshonaji, na mali yake yote ilikuwa cherehani moja. Usaili wa Mhandisi ulikuwa leo, saa nne kamili.

Dobi alitoka chumba cha nyuma, chumba chake cha pasi. Alikuwa mama wa makamo, mikono minene, macho madogo yasiyopitwa na doa.

"Mama, nimekwisha," Mhandisi alisema.

"Hujaisha, mwanangu, una povu tu. Sukutua kwanza. Koti nimelitundika mimi saa kumi na mbili na nusu, likiwa bado na joto. Nani ametoka tangu hapo?"

Wa kujua hilo alikuwa mama mwenye nyumba. Kila alfajiri huketi getini akifuma vitambaa, na hapiti hata paka bila kuhesabiwa.

"Hakutoka mtu na koti," alisema kabla Dobi hajamaliza swali.

"Sijauliza koti. Nimeuliza mtu."

"Meneja peke yake. Saa moja kasoro robo, na begi lake, anakwenda kazini kama watu wenye maana. Mbona unanitazama hivyo?"

"Wiki iliyopita ulisema utashika kitu cha Mhandisi mpaka alipe kodi."

Mama mwenye nyumba aliweka kitambaa magotini. Kisha akainama, akavuta feni ndogo kutoka chini ya kiti.

"Nilishika hii tu."

"Kumbe ni wewe!" Mhandisi aling'aka. "Wiki nzima nalala kama mkate kwenye oveni!"

"Na mimi nimelala vizuri," mama mwenye nyumba alikiri. "Lakini koti sijui."

Dobi alimwamini. Mwizi wa koti asingetoa feni kirahisi hivyo.

Akabaki msomi wa tatu, Mwalimu, aliyesomea ualimu na hakupata kituo cha kazi, akawa anafundisha watoto nje ya maktaba ya mji. Walimkuta kitandani, shuka hadi kidevuni, jasho likimtiririka.

"Ondoa shuka," Dobi aliamuru.

"Mama, nakuomba."

"Koti liko humo?"

"Hapana! Jumamosi nililichukua, nakiri. Nilikwenda nalo kwa baba wa mchumba wangu, nikamwambia ni langu. Lakini nililirudisha usiku uleule."

"Na leo unajificha nini?"

"Suruali yangu ya kazi iko kwenye kamba yako, mama. Sina nyingine. Imelowa." Alivuta shuka juu zaidi. "Na hata ningekuwa nayo, ningekwenda wapi? Mabenchi ya nje ya maktaba yamepakwa rangi ya kijani, ya bei rahisi, wiki mbili haijakauka. Wanafunzi wangu wanasimama kama gwaride."

Mhandisi alimgeukia Dobi. "Tunamwamini?"

"Tutakwenda kuiuliza suruali."

Suruali ya Mwalimu ilikuwa kwenye kamba kweli, ikidondosha maji. Mtu haibi koti huku hana suruali. Dobi alimfuta kwenye orodha. Lakini hakuondoka pale. Alishika suruali iliyoning'inia kando yake, ya Meneja, akaigeuza makalio juani. Mistari mitatu ya kijani ilikatiza kitambaa, sambamba kama mbao za benchi.

"Hii nimeisugua mara mbili," alisema polepole. Akahesabu mashati ya Meneja kwenye kamba. "Mwezi uliopita alikuwa ananiletea matano kila wiki. Sasa wiki ya tatu hii, ananiletea mawili."

"Labda anabana matumizi."

"Mtu wa tai habani shati. Nisomee ule ujumbe wa usaili."

Mhandisi alitoa simu. "'Nafasi ni mbili. Ofisa wa wateja, saa tatu. Msimamizi wa mafundi, saa nne.'" Akaisoma tena ya saa tatu. "Mama! Ofisa wa wateja si ndiyo kazi ya..."

"Chukua vyeti vyako. Mimi nachukua pini na chupa ya maji. Twende."

"Umemjua mwizi kwa suruali?"

"Nguo zake ndizo zinamjua. Mimi nazisoma tu."

Saa tatu na dakika arobaini waliingia kwenye ofisi za kampuni ya mabomba ya maji, ghorofa ya pili. Korido ilikuwa na viti sita vya plastiki. Kwenye cha tatu alikaa Meneja, koti likiwa mwilini, vifungo vyote vimefungwa. Alipowaona alisimama kama aliyekalia pasi.

"Shikamoo, mama. Ah... bosi wangu kanituma kuleta barua hapa."

"Marahaba. Bosi hajambo?"

"Hajambo sana."

"Ofisini kwenu mnakalia viti gani, mwanangu?"

"Vya kuzunguka."

"Vinavyozunguka, halafu vina mbao tatu za kijani?"

Meneja alishika makalio yake bila kujijua.

"Na siku tano za kazi unazimalizaje kwa mashati mawili?" Dobi aliendelea. "Siku tatu unakwenda na kifua wazi? Wateja wa bima wanavumilia?"

"Niko likizo, mama."

"Likizo inayoaga getini saa moja kasoro robo, na begi?"

Meneja alikaa. Sauti yake ilikuwa imepungua nusu.

"Walipunguza watu. Wiki ya tatu hii. Mshahara umekatika, mkopo wa chuo haukukatika. Nashinda ndani ya maktaba naandika maombi ya kazi, kwenye mabenchi nakaa Mwalimu akishaondoka, mpaka saa kumi na moja, halafu narudi nimelegeza tai."

"Kwa nini hukusema, kaka?" Mhandisi aliuliza. "Hilo koti ni letu sote."

"Nililiaga! Nilipanda juu ya stuli! Mama mwenye nyumba alilia! Ningerudi na uso gani kusema, jamani, naomba tena?" Alifuta jasho. "Kwenye ratiba niliona zamu yako ni saa nne, sikujua ni hapahapa. Nilipiga hesabu, saa tatu na nusu nitakuwa nimelirudisha. Wakachelewa kuniita. Kisha wakaniambia nisubiri majibu."

"Ungeniamsha tu, bwana. Saa tatu wewe, saa nne mimi. Tungepokezana mlangoni kama kijiti."

"Sikufikiria."

"Shahada mbili kwenye korido moja," Dobi alisema, "na hakuna aliyefikiria kuuliza. Vua."

Alivua. Dobi alikunja mikono ya koti kwa ndani, akatia pini nne, akanyunyiza maji mgongoni, akalinyoosha kwa kiganja. Saa nne kasoro dakika moja Mhandisi aliitwa. Meneja alimnyanyulia kidole gumba.

Saa nne na dakika thelathini na tano mlango ulifunguliwa. Mhandisi alitoka akicheka na kulia kwa pamoja, simu sikioni tayari. "Shangazi! Jumatatu naanza! Shona, shangazi, shona mpaka uchoke, hakuna atakayegusa cherehani yako!"

Nyuma yake alitoka mama mwenye miwani, mwenyekiti wa usaili. Alimtazama Meneja pale kwenye kiti, akiwa na shati tupu.

"Kijana wa ofisa wa wateja. Jibu lako tulikuwa tunalijadili. Koti lako liko wapi? Lile ulilotuambia umeshonewa na fundi wako, kwa vipimo vyako mwenyewe?"

"Nimeliacha kwenye gari, mama," Meneja alisema haraka.

"Na hili la binti?"

"Yanafanana tu, mama. Fundi wetu ni mmoja."

Dobi alifumba macho. Mwenyekiti, aliyemwona Meneja akitia karatasi kwenye mfuko wa ndani wakati wa usaili, alimwomba Mhandisi auchunguze. Mhandisi alitumbukiza mkono, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwenyekiti aliifungua taratibu, akashusha miwani puani, akamgeuzia Meneja upande wenye picha.

"Wasifu wa mwombaji, ofisa wa wateja," alisoma. "Vizuri. Sasa niambie, mwanangu, huyu kwenye picha ndiye fundi wenu?"