Joto la Ijumaa Lililoandikwa Jumatatu

Kila asubuhi ya likizo ile, Sisimizi alimsaidia mama yake kusukuma toroli la mashuka hadi chumba cha kufulia cha hospitali, akanawa mikono mara mbili, kisha akavuka ua kwenda maabara. Jina la Sisimizi alilipata shuleni, kwa udogo wa mwili na kwa kutotulia. Alikuwa na miaka kumi na tatu, naye alikuwa mmoja wa wanafunzi wanne waliochaguliwa kutumia likizo kujifunza utafiti wa virusi vya UKIMWI na magonjwa mengine ya kuambukiza. Wawili walitoka shule zenye maabara zao. Yeye na mwenzake walitoka shule ambazo hadubini huonekana kwenye picha ya kitabu tu.

Kila mmoja alipewa mlezi na swali moja la kutafutia jibu. Mlezi wa Sisimizi alikuwa mtafiti mkuu, mama ambaye wote walimwita Daktari. Swali lenyewe lilikuwa hili: kwa nini damu nyingi za wagonjwa huharibika kabla ya kupimwa? Damu hiyo ilitakiwa kukaa kwenye friji, joto lisipungue digrii mbili wala kuzidi nane. Ikipata joto, virusi vilivyomo huharibika, na kipimo hakiwezi tena kueleza kama dawa zinamsaidia mgonjwa au la.

"Shika mambo mawili," Daktari alimwambia Jumatatu ya kwanza. "Utakayemwona hapa, hukumwona. Na utakachokisoma kwenye kipimajoto ndicho utakachoandika, hata kama hukipendi."

Baada ya hapo Daktari akaondoka kwenda kwenye mkutano wa siku mbili, akamwacha Sisimizi chini ya fundi wa maabara. Fundi huyo alikuwa mtu wa makamo, koti lake jeupe limenyooka kwa pasi. Koti hilo lilifuliwa na mama yake Sisimizi, jambo ambalo fundi alilijua na hakuwahi kulishukuru.

Kwenye mlango wa friji ilibandikwa karatasi yenye visanduku viwili kwa kila siku, cha asubuhi na cha jioni. Sisimizi aliisoma akadhani macho yanamdanganya. Nne, nne, nne, mpaka jioni ya Ijumaa. Ijumaa yenyewe ilikuwa bado haijafika, lakini joto lake lilikwisha kufika na kutiwa saini.

"Shikamoo, fundi. Hili joto la Ijumaa tumelipimaje?"

"Marahaba. Friji ni ileile, joto ni lilelile. Ukikaa kazini miaka ishirini utaelewa."

Saa tano Sisimizi akafungua friji. Kipimajoto kilisoma kumi na tatu. Akakitazama tena, kisha akaandika 13 pembeni ya ile nne.

"Kipimajoto hicho kina wazimu," fundi akasema. "Andika nne."

"Lakini kinasema kumi na tatu."

"Unakisikiliza chenyewe au unanisikiliza mimi?"

Fundi akaichana karatasi, akabandika nyingine na kuijaza yote mpaka Ijumaa, bila kufungua friji hata mara moja. Sisimizi akapelekwa kwenye sinki kuosha chupa. Aliziosha kwa hasira. Kuambiwa hujui si kitu, kila mtu huanza hivyo. Lakini kuambiwa usione ulichokiona, hilo alishindwa kulimeza.

Basi akafanya kile alichokuja kujifunza. Kama kipimajoto kina wazimu, nacho kipimwe. Jumanne aliazima kingine kwa mfamasia, akaviweka viwili hivyo bega kwa bega ndani ya friji. Vilisoma sawasawa. Kila nusu saa aliacha sinki, akakausha mikono, akasoma, akaandika kwenye daftari lake. Saa tatu ilikuwa nne. Saa nne ilikuwa bado nne. Saa tano ikawa tisa, na saa sita ikawa kumi na nne. Akainama kuchungulia nyuma ya friji. Waya wa friji ulikuwa umelala sakafuni, na kwenye soketi, ambayo ndiyo pekee iliyofanya kazi chumbani mle, ulichomekwa waya wa birika la chai.

Damu za watu zilikuwa zinaharibika ili mtu mmoja anywe chai. Sisimizi akachomoa birika, akachomeka friji.

"Nani amekuruhusu kugusa umeme?" Fundi alikuwa mlangoni.

"Damu zimefika digrii kumi na nne, fundi."

"Birika ni dakika kumi tu."

"Leo zimekuwa saa mbili."

"Kesho usije. Mtoto wa mfua mashuka anifundishe kazi mimi?"

Sisimizi alipokuwa akikusanya vitu vyake, bibi mmoja alifika kwenye dirisha la maabara na mjukuu wake wa miaka kama sita. Fundi akamwambia bila hata kuinua uso, "Damu ya mtoto imeharibika tena, bibi. Atachomwa nyingine."

"Mwanangu, hii ni mara ya tatu."

"Nilishakuambia, damu yake nzito. Mnyweshe maji."

Mtoto akauficha mkono wake mgongoni. Sisimizi alitamani kupiga kelele, lakini akafunga mdomo na kuondoka.

Jioni alimsimulia mama yake. Mama alitikisa kichwa.

"Nani amekufanya hakimu wa friji, mwanangu? Yule akisema neno moja, kazi sina. Nyamaza, likizo iishe."

"Mama, kuna mtoto anachomwa sindano bure, halafu anaambiwa damu yake ndiyo nzito."

"Mtoto wa nani?"

"Siwezi kusema. Niliahidi."

Mama aliacha kukunja nguo. "Damu nzito," akasema polepole. "Miaka kumi na moja nafua damu za watu kwenye mashuka, za kila namna, na zote zinatoka. Leo ya mtoto ndiyo iwashinde wao?" Akasimama. "Daktari anarudi lini?"

"Kesho."

"Kesho tutakwenda wote wawili. Kama ni kufukuzwa, tufukuzwe pamoja."

Jumatano Daktari alilisoma daftari ukurasa kwa ukurasa, mama na mwana wamesimama mbele yake. Kisha akawaongoza hadi maabara.

"Huyu mtoto amechezea vifaa," fundi akaanza kusema.

Daktari akafungua friji. Vipimajoto vyote viwili vilisoma kumi na moja, na birika lilikuwa bado la moto.

"Nimeomba soketi ya pili mwaka mzima," fundi akasema, sauti imeshuka. "Hakuna aliyenisikiliza."

"Hilo ni kosa langu, nitalibeba. Hata hizo nne zako nilizisifu miezi sita bila kujiuliza. Lakini ungeandika kumi na tatu mara moja tu, fundi umeme angekuwa hapa siku hiyohiyo. Uliniandikia nne, nikalala usingizi."

"Na ile damu nzito?" Sisimizi aliuliza. "Yule bibi ameamini."

Daktari akamgeukia fundi. "Ulimwambia mtu hivyo?" Fundi akaitikia kwa kichwa. "Basi wewe mwenyewe utamwambia ukweli."

Bibi aliitwa mchana ule. Fundi alisimama dirishani, koti lake jeupe limenyooka kama kawaida.

"Damu ya mtoto haina kasoro, bibi. Kosa lilikuwa langu. Nilizima friji."

Bibi akamvuta mjukuu karibu. "Miezi mitatu namwombea mtoto huyu apone hiyo damu nzito," akasema. "Kumbe namwombea apone ugonjwa asio nao." Mjukuu akanyoosha mkono, sasa mara ya nne.

Fundi aliondolewa kwenye kazi ya friji, na wagonjwa wote ambao damu zao ziliharibika wakaanza kuitwa, mmoja mmoja, waelezwe sababu. Sisimizi alirudishiwa kalamu na karatasi mpya.

"Bado nina hasira, Daktari," akasema.

"Usiitupe. Itumie kazini." Daktari akaketi karibu naye. "Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Namba mbaya nayo ni hivyohivyo. Ukiiandika, tutairekebisha. Ukiificha, haibaki kwenye karatasi. Inapita dirishani pale na kuingia kwenye mkono wa mtoto wa mtu."