Kibao cha Buluu Relini

Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, Delbert Krieger alimpeleka mkewe Arlene hospitali kusafishwa damu, maana figo zake zilikuwa hazifanyi kazi. Walikunywa kahawa, wakasali, wakaondoka.

Alhamisi moja treni ya mizigo ilikuwa imesimama tena kwenye kivuko cha reli. Barabara nyingine haikuwepo. Walingoja kwa saa mbili nzima. Arlene alifika hospitali miguu imevimba, akihema.

Polisi walikuwa wameishtaki kampuni ya reli kwa sheria ya jimbo: treni isizibe barabara kupita dakika tano. Wiki hiyohiyo hakimu akaifuta kesi.

"Amehongwa!" alisema Delbert. "Na polisi anajua."

"Hukumu umeisoma?" aliuliza jirani yao, Wanda Pruitt, karani mstaafu wa mahakama.

Wanda akaifungua hukumu kwenye simu yake.

"Hakimu hasemi kampuni imefanya vizuri. Anasema reli inapita majimbo mengi. Kila jimbo likiweka dakika zake, treni itafuata zipi? Mwenye kauli ni serikali ya shirikisho, ile ya nchi nzima."

"Iko Washington hiyo. Itanijua mimi?"

"Itakujuaje nawe unampigia polisi tu? Kile kibao cha buluu pale relini, umewahi kukisoma?"

"Tangazo la kampuni lile! Silitazami."

"Bwana wee! Miaka thelathini unavuka hapo! Kina namba ya simu ya dharura ya kampuni na namba ya kivuko. Mgonjwa akikwama, piga palepale. Kisha ipelekee ofisi ya shirikisho ya reli taarifa: namba ya kivuko, tarehe, saa, muda mliongoja. Haitoi faini, lakini taarifa zikiwa nyingi, kampuni itaulizwa."

"Hao wanalitaka jina langu tu, waje kunisumbua."

"Delbert," alisema Arlene, "wewe hata mchungaji akisema amina unamtilia shaka. Nipe kalamu."

Aliandika Arlene. Majirani nao wakaandika, kila treni iliposimama. Baada ya miezi mitano ofisa wa shirikisho alikuja, akakutana na kampuni. Kampuni ikakubali treni zisubiri mbele zaidi, kwenye mashamba ya mahindi, zikishavuka barabara.

Jumanne iliyofuata treni ilipita bila kusimama. Kizuizi cha barabara kikainuka. Delbert hakuondoa gari. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akatafuta ujanja ulipo.

"Mume wangu, njia nyeupe," alisema Arlene. "Endesha!"