Kompyuta Moja, Mifumo Miwili

Mutindi hutarizi beji za shule katika duka lake mjini Kitengela. Mashine yake hufuata michoro iliyo ndani ya laptopu moja ya zamani. Mchoro wa kila shule anayoihudumia, kutoka Isinya hadi Bissil, umo humo. Programu ya michoro hiyo inataka mfumo wa Windows peke yake.

Mwaka huu binti yake, Cate, alianza kusomea kompyuta chuoni. Huko wanafunzi walitakiwa kufanya mazoezi kwa Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, na Cate hakuwa na kompyuta. Jumamosi moja aliweka Linux kwenye flashi, akaichomeka kwenye laptopu ya mama yake. Skrini ikamuuliza kama diski yote ifutwe.

Mutindi alimsikia akilisoma swali hilo. Akauliza ni nini kitakachofutwa. Cate akasema hana uhakika.

"Basi usiguse," Mutindi akasema. "Hizo beji ndizo zinatulisha."

Cate akaizima laptopu. Siku hiyo hawakusemezana sana. Binti aliona anazuiwa kusoma. Mama aliona duka limeponea chupuchupu.

Jioni Mutindi alimwendea jirani yao Phylis, mwalimu wa kompyuta katika chuo cha ufundi. Alimweleza yote.

"Mama Cate, diski ni kama ploti," Phylis akasema. "Unaweza kuigawa. Windows ibaki upande wake, Linux ipate wake. Ukiwasha, unachagua unayotaka."

"Na tukikosea mpaka?"

"Michoro inaweza kupotea. Ndiyo maana tunaanza na nakala."

Jumapili, baada ya kanisa, Phylis alikuja na diski ya nje na laptopu yake mwenyewe. Cate akanakili michoro yote. Phylis hakuridhika bado. Alitaka Mutindi afungue nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine, aone kama iko sawa. Ilifunguka.

Mara mvua ikanyesha, stima ikaanza kupotea na kurudi. Betri ya laptopu ilikuwa imechoka. Cate alitaka waharakishe, lakini Phylis alikataa. Alisema kompyuta ikizimika katikati ya kazi hiyo, hata Windows inaweza kuharibika. Wakangoja.

Kesho yake stima ilitulia. Cate alipunguza kwanza sehemu ya Windows, ikapatikana nafasi tupu. Kisha akachomeka flashi. Swali likatokea tena. Safari hii alisoma kila mstari kwa sauti. Akaacha ule wa kufuta diski, akachagua wa kuweka Linux kando ya Windows.

Laptopu ilipowaka upya, ilionyesha majina mawili. Mutindi alichagua Windows. Ilikawia. Alishika ukingo wa meza. Kisha michoro ikatokea, yote.

Sasa mchana laptopu ni ya beji, jioni ni ya masomo. Nakala hukaa nyumbani, mbali na duka, na kila mchoro mpya huongezwa humo.

Alasiri moja Cate alirudi kutoka chuoni akamkuta mama yake ameketi mbele ya laptopu. Hakukuwa na mteja. Mutindi alikuwa amechagua Linux, anaandika jina lake polepole kwa kidole kimoja.

"Hii yako," alisema bila kugeuka, "inawaka haraka kuliko yangu."

Cate akavuta kiti, akaketi kando yake.