Kipimo cha Jiwe la Simu

Kila asubuhi Mwanaheri alifagia uwanja, akamtengea bibi maji ya kuoga, kisha akaanza kumtafuta mdogo wake Hafidhi. Mtoto huyo alikuwa na kipaji cha kupotea pale tu anapohitajika.

"Hafidhi! Tutachelewa!"

"Natafuta kiatu, Dada."

"Si hicho kiko mguuni?"

"Hicho ni kimoja. Natafuta mwenzake."

Mwenzake alipatikana chini ya gunia la ndizi, na safari ikaanza. Waliteremka kati ya migomba na miti ya mdalasini hadi kivukoni, mahali mto unapotanuka na maji kuwa ya magotini. Shule ilikuwa ng'ambo. Daraja lilikuwepo, lakini lilikuwa mbali sana upande wa barabara ya Matombo, na hakuna mwanafunzi aliyezunguka huko ila kwa adhabu.

Mto ule ulikuwa na hila zake. Mvua iliweza kunyesha juu kabisa, kwenye vilele vya Uluguru, huku kivukoni jua linawaka na watu wameanika karafuu zao. Maji yakateremka ghafla, mazito na mekundu, yakimkuta mtu katikati. Ndiyo maana kijiji kilikuwa kimefunga kipima maji huko juu, kwenye korongo. Mto ukianza kujaa, kifaa hicho kilipiga simu chenyewe kwa king'ora kilichokuwa juu ya nguzo pale kivukoni, nacho kikalia mpaka mbuzi wakakimbia. Sheria ilikuwa moja, na hata Hafidhi wa darasa la pili aliijua: king'ora kikilia, hakuna mguu kugusa maji. Kikiwa kimya, pita.

Siku moja Fundi Ernest alikuja shuleni kutoka Morogoro mjini, amepakia masanduku yake kwenye pikipiki, matope hadi magotini. Alikuwa ndiye mtunzaji wa vifaa vya mto. Mwalimu Editha, mlezi wa Klabu ya Mto, aliwakusanya wanachama darasani.

"Kampuni ya simu itazima mtandao wake wa zamani mwisho wa mwezi," fundi alieleza. "Utabaki mtandao mpya. Simu za vitochi nyingi zitakuwa za kumulikia njia tu."

Darasa likacheka, kwani kila mmoja alimkumbuka bibi yake na kitochi chake.

"Chekeni tu. Bibi akikosa simu ataazima ya jirani. Kipima maji kitaazima kwa nani?" Fundi alifungua sanduku dogo. "Nimekiwekea sehemu mpya ndani na laini mpya. Kazi moja bado. Mtandao wa zamani ulikuwa unafika mpaka mashimoni. Huu mpya una mbio, lakini kwenye makorongo hauna bidii. Nilipokuwa pale juzi ulishika, ukapotea, ukashika tena. Na kifaa kikiukosa mpya, leo kinajishikiza kwenye wa zamani, hivyo mtaona kinafanya kazi kama kawaida. Mwisho wa mwezi kitajishikiza wapi?"

Akatoa simu. Alikuwa ameizuia isishike mtandao wa zamani. Aliomba wanafunzi wawili waende kila mchana kwa juma zima, wasimame kando ya kipima maji na kutazama kama simu inashika. "Ikisuasua, nitaleta antena. Ninayo moja, na kijiji cha juu nao wanaitaka. Kwa hiyo nataka ukweli, sitaki habari ya kunifurahisha."

Kazi ikawaangukia Mwanaheri na rafiki yake Yasmin. Siku ya kwanza walikwenda vizuri tu, lakini walipofika mwanzo wa korongo walikuta njia imelowa na utelezi. Yasmin aliteleza, akakaa kitako kwenye matope, akasimama amekasirika kana kwamba kuna mtu aliyemsukuma.

"Mimi huko siendi. Kuna ruba. Wananyonya damu mtu hajui," alisema.

"Na kipimo?"

"Twende Jiwe la Simu. Pale mtandao unasoma kinoma."

Jiwe la Simu lilikuwa jabali lililochomoza mgongoni mwa mlima, juu ya korongo. Kijiji kizima kilipandia pale kupiga simu. Ukitaka kujua nani anadaiwa mahari na nani kagombana na mumewe Dar es Salaam, ulikaa pale jioni moja tu. Palikuwa pia na mama muuza vitumbua, na hilo halikuwa jambo dogo kwa watoto waliotoka shule na njaa.

Mwanaheri alitazama chini korongoni, akatazama juu jiweni. Alijiambia kwamba jiwe na korongo si mbali. Mtandao ni mtandao. Wakapanda. Simu ilishika, mistari ikajaa yote. Wakala vitumbua. Siku ya pili hawakulikaribia korongo kabisa, na siku zilizofuata zikawa hivyohivyo.

Juma lilipokwisha, Mwalimu Editha aliuliza mbele ya klabu na kamati ya mto, "Enhe, mtandao unashika?"

"Unashika vizuri, mwalimu," alijibu Mwanaheri.

"Kila siku?"

"Kila siku."

Hata mstari mmoja wa jibu hilo haukuwa wa uongo, na hapo ndipo palipokuwa na uongo wenyewe. Wakapigiwa makofi. Mwalimu akampigia simu Fundi Ernest, naye akashukuru na kuipeleka antena kijiji cha juu. Mwanaheri akateuliwa kuwa kiongozi wa klabu.

Basi angetulia. Lakini mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia, na mvua za masika nazo zilikuwa zimeanza kunguruma vileleni. Kila asubuhi walipofika kivukoni, Mwanaheri alikitazama king'ora. Zamani ukimya wake ulimpa raha. Sasa alivuka akitazama juu mtoni. Usiku alimsikiliza Hafidhi akikoroma, akawaza maji mekundu.

Jumapili, siku ambayo mtandao wa zamani ungezimwa usiku wake, alimwita mdogo wake pembeni ya jiko.

"Sikiliza. Kuanzia kesho hupiti kivukoni. Utazunguka darajani."

"Kwani nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Zunguka tu."

"Peke yangu? Na Luqmani?" Luqmani alikuwa rafiki yake wa dawati moja. Kila siku walivuka wameshikana mikono.

"Luqmani si mdogo wangu."

"Yeye atapita kivukoni?"

Mwanaheri alisukuma kuni jikoni.

"Dada, kama kuna kitu kibaya kivukoni, mbona humwambii na Luqmani?"

Mtoto aliyeshindwa kuona kiatu chake chini ya gunia la ndizi alikuwa ameona hilo. Mwanaheri aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Alikuwa tayari kumnusuru wa kwake na kuwaacha wa wenzake, ilimradi yeye asiumbuke. Alitoka, akaenda kwa akina Yasmin.

"Ukisema tumekwisha," Yasmin alimwambia kwa sauti ya chini. "Wewe kiongozi mzima! Halafu labda kule chini unashika. Unajuaje?"

"Ndiyo hivyo, Yasmin. Sijui. Na wewe hujui. Hakuna anayejua, na kijiji kizima kinadhani tunajua."

Yasmin alichezea upindo wa khanga yake. Kisha akavaa kandambili zake. "Haya, twende. Ukianza kulia mimi sisemi neno."

Walimkuta Mwalimu Editha kibarazani, amerudi kutoka kanisani misheni, bado amevaa kitenge chake kizuri, anachambua maharage.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona nyuso hivyo, mmefiwa?"

Mwanaheri alisema yote kwa mkupuo: utelezi, ruba, jiwe, vitumbua. Mwisho akasema, "Labda korongoni unashika, mwalimu. Lakini sisi hatukufika."

Mwalimu hakupiga kelele. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka amevaa mabuti ya mpira, simu ya fundi mkononi. "Ongozeni njia," alisema.

Waliteremka korongoni wameshikilia mizizi. Ruba walikuwepo, Yasmin hakuwa amesingizia. Kipima maji kilisimama kwenye nguzo yake juu ya ukingo, taa yake ya kijani inawaka, kinaonekana kizima kabisa. Mwalimu aliinua simu, akazunguka nguzo, akapanda kisiki. Kioo kilikuwa na maneno mawili tu: Hakuna mtandao.

"Kwa hiyo hiki kinaongea kwa mtandao wa zamani," alisema Mwalimu Editha. "Na usiku wa leo kinanyamazishwa. Kesho watoto watapita kwa sababu king'ora kimenyamaza."

Jioni hiyo mbiu ilipigwa. Fundi Ernest alipopigiwa alishusha pumzi ndefu. Antena nyingine ingepatikana, alisema, lakini asingefika kabla ya Jumatano. Mjomba Mansuri, kaka wa mama yake Mwanaheri, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mto. Nyumbani kwao neno la mjomba halikupingwa. Alimgeukia mpwa wake.

"Nilikupigia makofi," alisema. Hilo tu lilimuuma Mwanaheri kuliko fimbo.

Kisha akapanga kazi. Vijana wawili wangekaa korongoni na firimbi. Mtu mmoja angekaa Jiwe la Simu, akisikia firimbi ampigie mtu wa kivukoni. "Jiwe nalo lifanye kazi yake halisi," aliongeza mjomba. Wanafunzi wote wangezunguka darajani. "Na ninyi wawili, mtasimama kivukoni na mwalimu wenu kila asubuhi na kila jioni. Kila atakayekuja mtamrudisha, na mtamweleza sababu. Sababu yenyewe, si nyingine."

Jumatatu ilikuwa chungu. "King'ora hakifanyi kazi kwa sababu tulisema tumepima na hatukupima." Waliwaambia wabeba ndizi, waliwaambia wanafunzi wenzao, waliwaambia wazee waliosonya na kugeuza njia. Mama mmoja mwenye tenga la mafenesi kichwani aliwatazama, akasema, "Mmenipa safari, wanangu," akaenda zake. Mama Luqmani alimshika mwanawe mkono, akamgeuza kuelekea darajani.

Jumanne jioni jua lilikuwa linawaka kivukoni, maji yamelala, safi, mtu angeweza kuhesabu mawe. Hafidhi, Luqmani na wenzao walikuwa wametoroka njia ya daraja na kusimama ng'ambo, wakipiga kelele: "Dada, hakuna maji! Tupite?"

"Hakuna kupita!" alijibu Mwanaheri.

"King'ora kimenyamaza!"

"Kimenyamaza kwa sababu hakisikii! Kaeni hukohuko!"

Luqmani alikuwa ameshavua viatu. Hapo simu ya Mwalimu Editha ikaita. Alisikiliza neno moja tu, akaweka mikono mdomoni na kupaza sauti: "Rudini juu! Maji yanakuja! Juu!" Watoto wakakimbilia mwinuko, viatu mikononi. Muda si muda ukasikika mvumo, na mto ukaja mwekundu, umebeba magogo na migomba mizima, ukafunika mawe yote ya kivuko. Juu ya nguzo king'ora kilikuwa kimya vilevile. Mwanaheri alikitazama, akakaa chini kwenye majani na kulia. Yasmin naye alilia.

Jumatano Fundi Ernest alifika na antena. Hawakuifunga korongoni. Walikata mwanzi mrefu, wakausimamisha juu kwenye ubavu wa mlima ambako mtandao mpya ulifika, wakateremsha waya mpaka kwenye kipima maji. Safari hii Mwanaheri na Yasmin walikwenda na simu mpaka kwenye mwanzi, kisha wakateremka mpaka kwenye nguzo, wakatazama taa, wakateleza, wakaamka. Fundi alipoinua kwa mkono boya la kifaa, lile linaloinuliwa na maji, ili kidhani mto umejaa, watu wote waliokuwa kivukoni waliziba masikio. King'ora kililia mpaka mbuzi wakakimbia.

Mwalimu Editha aliwakusanya wanachama wa klabu palepale.

"Mwanaheri si kiongozi tena kwa muhula huu," alisema. "Anajua sababu na hana kinyongo. Lakini sikilizeni. Kuchoka si dhambi. Kuogopa ruba si dhambi, hata mimi nawaogopa. Wangeniambia siku ile ile, 'Mwalimu, hatukufika,' ningewapa mabuti na mtu wa kuwashika mkono, na antena ingekuwa hapa. 'Sikufika' ni neno la aibu ya dakika moja. 'Nilifika,' kama hukufika, hulipiwa na mtu mwingine ambaye hata hajui kuna deni. Siku ya Jumanne Luqmani alikuwa amevua viatu tayari. Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu wa kwetu angeumbuliwa na kifo cha mwenzake. Alisema kwa kuchelewa, lakini alisema kabla ya maji. Mkikosea, nanyi semeni kabla ya maji."

Maji yalipopungua, Mwanaheri aliwapeleka Hafidhi na Luqmani hadi ukingoni. King'ora kilikuwa kimya. Hafidhi hakuingia. Alimtazama dada yake usoni.

"Dada, safari hii mlifika?"

"Tulifika."

"Mpaka chini kabisa?"

Mwanaheri alikunja sketi yake kidogo, akamwonyesha alama ya ruba mguuni. Hafidhi aliikagua kwa makini, akamwita Luqmani naye aione. Kisha wakashikana mikono na kuvuka.