Nguruwe wa Kapitan na Kabati la Vitabu

Asubuhi ile Mama alikuwa anakaanga wali kwa vitunguu saumu. Mdogo wangu Bing, mwenye miaka tisa, alikaa ngazini na daftari, anaandika huku anacheka peke yake. Mimi nilikuwa likizo kutoka shule ya bweni ya mji wa Iloilo, hapa Ufilipino, nikisubiri chakula kwa heshima zote.

"Unaandika nini wewe?" Mama aliuliza.

"Hadithi ya nguruwe wa Kapitan. Nitaisoma siku ya sikukuu." Kapitan ndiye mkuu wetu wa kijiji.

"Weka huko. Mjomba wako ameshakuandikia hotuba."

Hotuba! Msomaji, vua kofia tuomboleze. Kila mwaka, kwenye sikukuu ya mtakatifu wa kijiji chetu, watoto hushindana kusoma walichoandika. Na kila mwaka wanaoandika ni watu wazima. Mtoto anakariri tu. Kwenye neno "taifa" ananyoosha mkono juu. Kwenye neno "wazazi" anauweka kifuani. Halafu watu wazima hao hao wanalalamika kwamba watoto hawapendi kusoma!

Bing alisoma mstari wa kwanza wa Mjomba. "'Enyi mihimili ya mustakabali...' Mama, mustakabali ni nini?"

"Wewe kariri tu."

Bing alifunga daftari lake. "Basi sishindani. Na sisomi tena."

Siku tatu hakuligusa. Hapo nilikasirika kweli. Nilikwenda kumwita jirani yetu Delia, mfanyakazi wa maktaba ya mjini, ambaye wote humwita Manang, yaani dada mkubwa. Alikuja, wala hakukaa.

"Nenita," alimwambia Mama, "umewahi kumsikiliza mwanao akisoma?"

"Nina kazi mimi, Manang."

"Dakika kumi tu kwa siku. Usimkatize kwa kila kosa. Msikilize, kisha muulize, ikawaje baadaye? Na aandike alichokiona mwenyewe. Mtoto hupenda kuandika akijua kuna mtu anataka kusikia."

"Na vitabu vya kusoma nitoe wapi?"

"Ukumbi wa kijiji una kabati zima!"

Ni kweli. Kabati la kioo, lenye kufuli. Vitabu vingali ndani ya nailoni. Kapitan hulifungua wageni wakija kupiga picha, kisha hulifunga upesi. Manang Delia alimfuata palepale ukumbini, nami nyuma yake.

"Vitachafuka," Kapitan alisema.

"Mbona viti vinakaliwa?"

"Viti ni viti, Delia! Nenda zako."

Jioni hiyo, wakati wa kupika, Mama alimwita Bing. "Haya, nisomee huyo nguruwe wako. Dakika kumi."

Kufikia ukurasa wa pili Mama alikuwa amekaa sakafuni anacheka, na samaki wanaungua. Hotuba ya Mjomba aliikunja mwenyewe, akafungia samaki walioungua.

Siku ya sikukuu Bing alipanda jukwaani na daftari lake. Alisoma habari za nguruwe aliyejua kwamba Jumapili atachomwa mzima juu ya makaa. Kisha nguruwe akasema: "Kapitan amenifungia mimi, na vitabu amevifungia. Afadhali mimi, ananilisha."

Uwanja mzima ulicheka. Kapitan alitazama viatu vyake. Mama alisimama.

"Kapitan, ufunguo uko wapi?"

Akina mama wengine nao walisimama. "Ufunguo! Ufunguo!"

Aliutoa mfukoni.

Sasa kila Jumamosi kabati liko wazi. Watoto wanasoma mikekani, na wazazi wanakaa nao. Mwisho wa mwezi watoto wanasomeana hadithi zao, na sharti ni moja: anayesoma ndiye aliyeandika. Bing yuko kwenye hadithi ya nne.

Jumamosi iliyopita Kapitan alikuja mbio, ameshika kitabu cha samaki papa.

"Delia! Si nilisema? Wamekichana!"

"Ukurasa wa ngapi?"

Kapitan alitazama. "Wa arobaini."

Manang Delia alichukua gundi, akatabasamu. "Basi kuna mtoto amefika ukurasa wa arobaini."